Ufa Ambao Haujatokea

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi yetu ikiwa bado mtaa wa Kiyovu, Mkaguzi Mkuu wa majengo hakunionyesha meza. Alinipeleka nyuma ya jengo, akanisimamisha mbele ya ukuta.

"Unaona nini?"

"Nyufa, mkuu."

"Ziko na mpangilio?"

Nilitaka kumfurahisha, nikasema ndiyo, zote zinaelekea kushoto. Akacheka. Alikulia Bujumbura, na Kifaransa hakikukaa mbali na ulimi wake.

"Voilà! Mtu akiogopa anaona mpangilio kila mahali. Mpangilio ni kitu ingine. Unaniambia ufa ya kesho itatokea wapi, halafu inatokea pale. Bila hiyo, umechora tu picha."

Maana hiyo niliifanyia kazi maisha yangu yote, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Nyufa zilizosambaa kama tope lililokauka ni za lipu tu. Paka rangi ulale. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kati ya matofali, huo ni wa msingi unaozama. Hapo tulibandika shahidi, yaani kipande chembamba cha jasi juu ya ufa. Jasi ikikatika, ukuta unatembea. Kule Masoro niliwahi kuwatoa watu mbio ghalani kwa sababu ya mistari iliyonyooka sakafuni, kumbe ni saruji iliyosinyaa ilipokauka kwenye maungio yake. Wenzangu walinitania mpaka nikahamishwa.

Nilipopelekwa kwenye nyumba za mlimani, utani uliisha. Nyumba tatu zilikuwa na nyufa. Nilipoziunganisha kwenye ramani nilipata mstari uliopinda kuufuata mlima, kama udongo unaoanza kuteleza, na mbele yake ilisimama nyumba ya nne, ya Mama Aline, mjane muuza vitenge. Ukuta wake ulikuwa mzima kabisa. Nikachora msalaba mdogo wa chaki pale ambapo ufa ungepita, kama mstari wangu ni wa kweli.

Nilimwomba Mkaguzi Mkuu tuwahamishe watu wote.

"Nyumba tatu?" akasema. "Utatoa familia kwake juu ya picha? Subiri hiyo ya nne."

Alikuwa sahihi, nami nilimchukia kwa hilo. Kusubiri kulikuwa kuuachia mlima uamue, watu wakiwa ndani. Masika yalianza. Kila asubuhi nilipanda kule kabla hata ya chai, nikimwomba Mungu niukute msalaba wangu peke yake.

Siku moja sikuukuta. Ukuta ulikuwa na rangi mpya ya krimu.

"Karibu, mzee!" Mama Aline alichangamka. "Jumamosi wageni wa gusaba wanakuja, Aline wangu anaposwa. Nimefanya isuku, usafi wa nyumba nzima!"

"Na msalaba wangu?"

"Yewe! Ufa ilipita katikati yake, palepale. Nikaziba na simenti, nikapaka rangi. Wageni waone ukuta imepasuka? Hiyo aibu nitaiweka wapi?"

Nikaingia ndani. "Toeni vitu. Sasa hivi."

"Gusaba iko Jumamosi!"

"Itafanyika mahali pengine, mama."

Alilia, akanitukana, na mimi nikabeba masufuria yake. Mkaguzi Mkuu alipofika aliweka kidole pale alipoonyeshwa, kisha akaamuru nyumba zote za ukingo ule wa mlima zihamwe.

Zilibomolewa kabla mvua hazijaisha, maana zikiachwa watu hurudi. Kwa hiyo sikuwahi kuona kama zingeanguka. Hilo vijana wa kazi hii hawaniulizi: ukiutambua mpangilio mapema ukaukatiza, huna tena cha kuuthibitishia. Nimestaafu, na mvua ikinyesha bado naogopa mambo mawili kwa pamoja, kwamba nilikuwa sahihi, na kwamba niliwatoa watu kwao bure.

Mama Aline sasa ni jirani yangu hapa Busanza. Juzi alikuja kunisalimia, mtoto wa Aline akiwa mgongoni mwake. Nilijikaza nikamwambia, "Mama, mimi mpaka leo sijui kama nyumba yako ingeanguka."

Alifungua kitenge, akaniwekea mtoto mapajani.

"Mimi sitaki kujua," akasema. "Mushike vizuri."