Kwa Mama Mdogo, Njia ya Msituni

Aliyesema njia ile ni ya nusu siku hakuwahi kuipita na mama yangu. Kibao kilichopigiliwa pale msitu unapoanzia, miaka ile watalii walipoanza kuletwa hadi kwenye vichochoro vyetu, kilitangaza kwa Kiingereza kwamba ni matembezi mepesi. Na kweli ni mepesi. Unapita chini ya miti mikubwa ambayo hata Mjerumani aliikuta, unavuka kijito, unapanda vilima viwili visivyomtoa mtu jasho la maana, kisha unateremkia kwenye migomba ya mama mdogo. Nilipokuwa msichana nilitumwa huko asubuhi na kurudi kabla ndizi za mchana hazijaiva.

Jumamosi hiyo nilipanda kutoka mtaa wa Soweto, kule mjini ninakoishi, kwa kazi moja tu. Mama mdogo alikuwa anaingia hospitali Jumatatu kupasuliwa uvimbe tumboni, na yeye na mama walikuwa hawasemezani. Kisa mbuzi. Kwenye komunyo ya mtoto wa kaka yao, kidari kilichostahili kwenda kwa dada mkubwa, yaani mama, kilipelekwa kwa mdogo, naye akakipokea, akala. Basi. Kahawa ikaanguka bei, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, na dada wawili wa tumbo moja bado wanapeana mgongo kanisani kwa ajili ya kipande cha nyama. Baba, aliyechoka kuliko mimi, alinivuta kando. "Mfikishe tu," akasema. "Wasemezane hata neno moja kabla ya huo upasuaji."

Nilikata jani la sale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, jani lile ambalo kwetu ukimpelekea mtu hawezi kukunyima msamaha, nikampa mama. Akalirudisha mkononi mwangu.

"Mkubwa hapeleki sale kwa mdogo. Nimekosa nini mimi?"

"Hujakosa, mae. Ni mgonjwa."

"Basi alete yeye."

"Atalileta vipi na anaumwa?"

"Mimi naenda kukata majani ya ng'ombe," akasema, akachukua mundu.

Majani! Zizi letu lilikuwa limejaa majani hadi ng'ombe anayalalia. Lakini alikuwa ameshatoka, na alikuwa ameshika njia ya msituni, kwa hiyo niliufunga mdomo nikamfuata.

Kila tuliyekutana naye alisalimiwa yeye, mumewe, watoto, ndama na hali ya paa la nyumba. Kijitoni mama aliosha miguu. Tulipofika ng'ambo akakumbuka kwamba hajaosha mundu, tukarudi. Kijana mmoja mwongoza watalii akatupita na wazungu wake, akampa shikamoo, na mama akamweka pale akimshauri jinsi ya kumtunza bibi mmoja wa kizungu aliyevaa kaptula, eti atapata baridi ya magoti. Wazungu walifika juu, wakapiga picha, wakala mayai yao, wakageuka. Walitukuta bado tunahangaika na kilima cha kwanza. Yule bibi alinitazama kwa huruma, nami nikatamani kwenda naye.

Kwenye kilima cha pili, nyumba ya mama mdogo ikionekana pale chini, mama aliinama akaanza kukata. Hakukata ovyo. Alichagua unyasi mmoja mmoja, mwingine akautupa.

"Mae, jua linakwenda."

"Ng'ombe hali jua."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia nilichokuwa nimekimeza tangu asubuhi: "Na akifa Jumatatu, hicho kidari utadaiana na nani?"

Mundu ukasimama. Alifunga mzigo wake kwa kamba ya mgomba, akajitwisha, akateremka kwa kasi ambayo sikujua anayo.

Hakupiga hodi. Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni, amejifunika blanketi, amekonda kuliko nilivyoambiwa. Mama alimpita bila kumtazama, akaingia zizini, akautua mzigo. Nikabaki peke yangu uani na shikamoo yangu. Mama mdogo aliitikia marahaba, macho yake yako zizini. Ng'ombe akaanza kutafuna. Nilitamani kuwashika masikio wote wawili.

"Majani mabichi hivyo," mama mdogo akasema kwa sauti, "unataka anivimbie?"

"Ameshavimba kwa njaa!" ikatoka zizini. "Mbavu zote nje. Nani anamlisha?"

"Naumwa mimi!"

"Na ulikuwa unamficha nani? Mpaka niambiwe na wapita njia?"

"Ungekuja ungejua!"

Wakaendelea hivyo, mmoja ndani ya zizi, mwingine mlangoni. Kidari nacho kikafika. Mama mdogo akaapa kwamba kilikuwa kigumu hata hakukifaidi, na mama akamjibu kwamba angekileta kingepikwa kikalainika. Hakuna aliyenikumbuka hata kwa kikombe cha maji. Mwishowe mama akatoka, mikono imejaa mavi ya ng'ombe.

"Wewe rudi. Mwambie baba yako ajipikie. Mimi nalala hapa, na Jumatatu nampeleka mwenyewe."

Nikarudi peke yangu, nina njaa, nimekasirika, nikigombana na miti. Baba alikuwa amesimama nje ya nyumba, nadhani tangu mchana.

"Vipi? Wamesemezana?"

"Nimewaacha wanagombana."

Baba akavua kofia, akakaa kizingitini, akalia.