Ulimi wa Tela Hupimwa kwa Mguno

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Niliripoti karakana ya Singida saa moja asubuhi, shati limepigwa pasi ya mkaa, leseni mfukoni, nikidhani nitakabidhiwa funguo. Mkuu wa Karakana, Mgogo wa Manyoni aliyekulia kwenye nyumba za reli, alinitazama viatu kwanza. Kisha akanionyesha mkokoteni wa magurudumu mawili na rundo la mawe.

"Pakia yote nyuma," akasema. "Halafu vuta."

Nikapakia. Niliposhika mikono ya mkokoteni ikapanda juu na mimi juu yake, nikabaki nimesimama kwa vidole vya miguu. Mafundi wakaacha kazi kunicheka. Mzee hakucheka. Akaniamuru nihamishie mawe yote mbele, nikavuta tena, nikahisi mabega yanataka kung'oka.

"Sasa unajua tela," akasema. "Wewe ndiwe pikapu. Mzigo ukikaa nyuma unakunyanyua, ukikaa mbele mno unakuvunja mgongo. Nenda kanywe chai."

Hiyo ndiyo shule yangu, vijana. Mimi nimesomea udereva wa tela kwa mawe, na namshukuru yule mzee hadi leo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Watu walikuwa wanahamia vijiji vipya, nyumba zimepangwa mistari, shamba la pamoja limeshalimwa, lakini zahanati bado. Idara ya Afya ikapata tela la nyumba ya magurudumu, zile ambazo wasafiri wa Ulaya huzivuta na kulala ndani yake njiani. Wakang'oa vitanda, wakaweka meza ya kupimia wajawazito, mizani ya watoto na kabati la dawa. Ilikuwa moja tu mkoa mzima. Ikiharibika, mama mwenye mimba ya miezi minane anatembea kutwa nzima mpaka hospitali ya Kiomboi. Dada yangu mwenyewe alitembea hivyo kutoka kwetu Kinyangiri, na mtoto hakuishi. Kwa hiyo kila nilipowasha gari nilijua navuta nini.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya nusu tani. Msidhani hiyo nusu tani ni uzito wa gari. Ni mzigo linaoruhusiwa kubeba mgongoni. Ni gari dogo. Kulifungia tela lile ilikuwa kama kumfunga punda mmoja jembe la ng'ombe wawili: atalima, ila lazima ujue namna ya kumwongoza. Mbele ya tela kuna mkono wa chuma tunaouita ulimi, na mwisho wa ulimi kuna kikombe kinachofunika tufe la chuma lililofungwa nyuma ya pikapu. Chini yake hupita minyororo miwili, ili kikombe kikichomoka tela lisikukimbie.

Lakini jambo kubwa ni uzito wa ulimi. Wenzetu wana mizani ya kuupima. Mkuu wa Karakana alikuwa na mgongo wangu. Kabla ya kila safari, maana kila kituo vitu huhama mahali, nilitakiwa kuinama na kuunyanyua ulimi kabla ya kuufunga. "Ukipanda kirahisi, usiondoke," alisema. "Mzigo uko nyuma, tela litatikisa mkia. Ukishindwa kuunyanyua, usiondoke vilevile. Tairi za mbele za pikapu zitaelea na usukani utakuwa pambo. Ukiguna mara moja, nenda na Mungu."

Basi nikawa naguna, mwaka baada ya mwaka. Niliyekuwa naye garini ni Sista wa Kliniki, Mnyaturu wa Ikungi, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Alikuwa haingii garini mpaka asikie nimeguna.

Isipokuwa siku moja.

Tulikuwa kijiji kimoja juu ya mlima Sekenke. Safari iliyotangulia Sista alikuwa amempokea mjukuu wa Bibi Lea, mzee wa akina mama pale, kitoto kilichotanguliza miguu kuzaliwa. Mama na mtoto walikuwa wazima. Siku hiyo kijiji kikatoa shukrani. Akina mama walikuja kwa nyimbo, Bibi Lea mbele, na kwa mikono yao wakapanga vitu ndani ya tela, mlangoni kabisa, nyuma: magunia mawili ya mtama, maboga, viazi vitamu, debe la asali. Mimi nasimama natazama, moyo unaniambia ule ni mkokoteni wa mawe.

Lakini ningefanyaje? Kwetu zawadi haihamishwi mbele ya aliyeitoa. Ni kama umeitupa. Na kuinama kuunyanyua ulimi mbele yao niliona ni kuipima zawadi, nione kama inatosha. Mtu aliyelelewa hawezi kufanya hivyo mbele ya mama zake. Nikafunga tela bila kuguna. Nikamwambia Sista kwa sauti ya chini tutapanga upya mbele ya safari, wakishapotea machoni. Akasita, akapanda. Akina mama wakatusindikiza kwa vigelegele mbali sana, kila nikitazama kwenye kioo nawaona, na walipoachana nasi tayari mteremko umetuchukua.

Tela likaanza taratibu, kushoto, kulia. Halafu likatikisa mkia kweli, na pikapu ikawa inafuata tela badala ya tela kufuata pikapu. Sista alikumbatia sanduku la chanjo. Mguu wangu ukakimbilia breki, ndipo nikasikia sauti ya mzee kichwani: usikanyage, ukikanyaga litakukunja. Nikaachia mafuta, nikashika usukani umenyooka, upande mmoja korongo, upande mwingine ukuta wa mlima. Niliogopa, sifichi. Nilimwona dada yangu. Nikauchagua ukuta. Tela likajisugua mlimani, likaingia mtaroni, likasimama limelala upande, springi moja imekatika.

Asali ilikuwa inatiririka chini ya mlango.

"Tuseme mbuzi alikatiza," Sista akasema hatimaye. "Huku Iramba mbuzi hawakosekani."

Alitaka kuniokoa. Na nilitaka kuokolewa, maana niliipenda kazi ile kupita kiasi. Kesho yake Mkuu wa Karakana alifika na lori, jeki na springi. Alizunguka tela, akatazama magunia, akanijia.

"Uliguna?"

Mbuzi alikuwa mdomoni kabisa. Nikammeza.

"Sikuguna, mzee." Nikaweka leseni yangu juu ya boneti. "Niliona aibu kupima zawadi mbele ya wenyewe."

Akaichukua leseni, akanirudishia mkononi. "Ungekuwa mwongo ningekufukuza hapahapa," akasema. "Wewe nitakufukuza ukirudia. Twende kwa huyo bibi."

Tukapanda kijijini. Mzee alivua kofia, akaamkia shikamoo, akaeleza yote kwa utaratibu. Bibi Lea alisikiliza, kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo mtama wangu ulitaka kumuua Sista?"

"Si mtama, bibi. Ni mahali ulipokaa."

"Na wewe, mtoto wa nyumbani, ukanyamaza?"

"Nilikuheshimu, bibi."

"Heshima gani hiyo ya kunifanya muuaji? Siku nyingine unyanyue mbele yangu, nisikie mwenyewe."

Tangu hapo ikawa desturi. Zawadi zikipakiwa, akina mama wananyamaza, naunyanyua ulimi, naguna, na vigelegele vinafuata. Ukipanda kirahisi, Bibi Lea mwenyewe anaamuru: "Sogezeni maboga mbele!" Vijiji vingine vikaiga. Tela halikutikisa mkia tena.

Sasa nimestaafu, nakaa Utemini, hapa Singida mjini, na mgongo unanikumbusha kila kilo. Siulaumu. Nilipata bosi aliyenifundisha kwa mawe na kunisamehe kwa ukweli. Wangapi wamepata hivyo?

Safari ya mwisho ya tela ilikuwa kijijini kwa Bibi Lea, siku kijiji kilipofungua zahanati yake. Alikuwa mzee sana, masikio yamekwisha. Mjukuu wake, yule aliyetanguliza miguu, sasa msichana mrefu, alimleta amemshika mkono. Nilipoinama, bibi aliweka kiganja chake mgongoni pangu. Nikanyanyua, nikaguna, na nikajua ameusikia mguno kwa mkono, kwa sababu alinipiga mgongoni mara moja.

"Uko sawa," akasema. "Nenda, mwanangu."