Miduara Mia Mbili na Kumi na Mbili

Jirani yangu, mshona nguo, aliwahi kuniuliza: "Hivi mdogo wako, mtu mzima yule na ndevu zake, kazi yake hasa ni kuchora miduara?"

Nilijibu ndiyo, maana uongo ni dhambi. Mdogo wangu, tunayemwita Bwana Miduara, hutengeneza programu za kompyuta zinazojirekebisha zenyewe mambo yakibadilika. Lakini kabla ya kuiandika programu, huichora kwanza: kila hali ni duara, kila badiliko ni mshale, halafu anathibitisha kwa hesabu kwamba haitakosea. Ukuta wa sebule yangu ulijaa. Siku niliposogeza kiti chake kupisha ufagio, alinuna hadi jioni. Mungu anisamehe, nilicheka. Huyu ndiye anayefundisha mashine kuzoea mabadiliko.

Hospitali ninayofanyia usafi ilimkabidhi chumba cha baridi cha dawa, siku tatu za majaribio. Programu ikifaulu, anaajiriwa. Ikishindwa, anarudi kwenye ukuta wangu. Alikuja na suti, akawaeleza wakubwa miduara yake mia mbili na kumi na mbili. Joto kali limo, umeme kukatika kumo, mlango kuachwa wazi kumo. Wasomi watano wakatia saini. Mimi nilikuwa nyuma yao na ndoo yangu. Hakuna aliyenisalimu, hata yeye.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilichomoa waya mmoja ukutani nikachomeka mashine ya kung'arisha sakafu, kama nifanyavyo kila Jumatano. Kumbe waya ule ni wa kipima joto. Programu ikasoma sifuri, ikaona chumba kimepoa kupita kiasi, ikajirekebisha vizuri sana: ikazima mtambo wa baridi.

Mfamasia aliwahi kuuwasha kwa mkono, dawa zikapona. Bwana Miduara akafika anahema, akakunjua karatasi zake. Pale juu kabisa, kwa wino, ameandika: kipima joto hakinyamazi kamwe. Mfamasia akamuuliza taratibu, "Na huyu dada anayepiga deki, yuko duara gani?"

Akazikunja karatasi zake. Wakubwa wakampa wiki moja, ya mwisho. Jioni alinikuta jikoni, akasogeza kiti mwenyewe, akakaa.

"Dada," akasema, "naomba kesho nikufuate na daftari unapofanya kazi, uniambie kila unachochomoa."