Tuner ya Kumfufulia Baba

Baba yangu alikufa Jumatatu saa saba mchana, kwenye matangazo ya vifo ya redio, akiwa mezani anakula ugali na omena. Tulisikia pamoja, yeye na tonge mkononi, mimi na jagi la maji.

Kosa lilikuwa la mtangazaji. Rafiki ya baba wa tangu ujana, mzee wa upande wa Nambale, alikuwa ameaga dunia, na baba ndiye aliyepeleka tangazo stesheni kwa mkono wake, limeandikwa kwa ule mwandiko wake wa ualimu. Mtangazaji akayabadilisha majina. Marehemu akawa ndiye anayesikitika kutangaza, na baba akawa ndiye aliyelala. "Siku ya mazishi mtajulishwa," ikamalizia redio. Baba akameza tonge lake, akauliza kama chumvi imeisha hapa nyumbani.

Mimi nikalipuka. Nilipiga simu stesheni, na dada aliyeipokea akanijibu kwa adabu zote kwamba masahihisho yatasomwa, mradi tulete barua ya naibu wa chifu inayosema mzee yuko hai.

"Akija mwenyewe je?"

"Mwenyewe si ushahidi, dada. Tunahitaji barua."

Kufika saa tisa kilio kilikuwa getini. Jirani yetu wa kwanza aliingia mikono kichwani, akipiga mayowe kutoka barabarani, na alipomkuta baba kwenye kiti chake hakunyamaza mara moja. Alififia polepole, kama kinu cha posho kikizimwa. Kisha akamsalimu, akakaa, akaomba chai. Alikataa katakata kurudi na kuku aliyemleta, akisema kuku wa matanga akirudishwa analeta mkosi. Wengine wakafuata, na kila mmoja na kuku wake. Vijana wa kanisa wakaja kusimamisha hema, wakamkuta marehemu anawaelekeza wasikanyage maharagwe.

Barua niliipata kesho yake asubuhi, na mhuri juu. Ilibaki kuipeleka tu. Nikavaa viatu, na baba akaniita.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini, mzee?"

"Bado hajakuja."

Nilijua ni nani. Kaka yake, baba yangu mkubwa, anaishi ng'ambo ya mpaka, Uganda, mbele ya Tororo. Walikuwa hawajasemezana miaka kumi na miwili kwa sababu ya fahali mmoja wa mahari ya dada yao, ambaye kila mmoja alisema ni wake. Watu walikuwa wameshafika kutoka Khunyangu, na wengine kutoka Sio Port na gunia la omena. Yeye peke yake ndiye hakuonekana.

"Akisikia niko hai hatakuja," baba akasema. "Akisikia nimekufa, labda."

Baba si mtu wa kuomba kitu. Siku hiyo aliniangalia kama mtu anayeomba, na mimi roho iliniuma, nikavua viatu.

Sasa watu wakiuliza kwa nini barua haijaenda stesheni, tuwaambie nini? Sababu alikuwa nayo tayari, mwalimu huyo. "Waambie nangoja redio nzuri. Mtu hawezi kufufuka kwenye redio inayokwaruza."

Hapa lazima nikiri ugonjwa wangu. Mimi ni mwehu wa stereo za zamani. Nina amplifaya, nina spika mbili zenye kimo cha mbuzi, na nilikuwa na tuner, kile kipande cha redio ambacho hakina spika wala sauti yake chenyewe. Kazi yake ni kukamata stesheni na kuipelekea amplifaya. Radi iliiunguza wakati wa mvua za Machi, na tangu hapo nikawa nasikiliza redio kwenye simu, aibu tupu. Kwa hiyo baba aliposema redio nzuri, nilisahau msiba, nilisahau barua, nikapanda boda mbio hadi Malaba kwa fundi wangu.

Duka lake liko nyuma ya foleni ya malori, limejaa vyombo vya mitumba vya kutoka Ulaya na Japani hadi darini. Yeye huniita boss. Tukakubaliana nichukue tuner moja moja, nijaribu nyumbani, nirudishe isiyonifaa.

Ya kwanza ilikuwa ya Kijapani, uso wa fedha, mbao ubavuni, taa ya rangi ya chai ya maziwa. Nilipoiwasha, waombolezaji wote waliacha hema wakaja sebuleni. Shemasi mmoja akasema ina sura ya heshima, ingefaa hata kuwekwa juu ya jeneza. Mimi nikazungusha kifundo, mshale ukaenda, ukaenda, ukagonga ukuta kwenye FM tisini. Mwisho. Stesheni yetu iko mbali huko juu. Nilijipiga kofi la paji la uso. Kila mtu mwenye gari la Japani hapa Kenya anajua redio zao zinaishia tisini, na mimi mjuzi nilikuwa nimeangalia mbao!

"Basi hiyo haiwezi," akasema baba, na nikaona amefurahi.

Ya pili ilikuwa ya tarakimu, nyembamba, inatafuta stesheni yenyewe. Unabonyeza, namba zinakimbia, inasimama penye nguvu. Shida ni kwamba yenye nguvu ilikuwa moja, ya mchungaji mmoja mwenye koo la chuma, jirani kabisa wa stesheni yetu kwenye mstari. Nikabonyeza, mchungaji. Nikabonyeza tena, namba zikazunguka dunia nzima zikarudi kwa mchungaji. Stesheni yetu ilirukwa kila mara, maana mashine hiyo ikiona wimbi dhaifu hulinyamazisha. Shemasi akasema labda ni ishara. Nikamwambia ishara ni kwamba chai imeisha, aende nyumbani.

Ya tatu tuliibeba watu wawili. Chuma kitupu! Ilikuwa na mishale miwili, mmoja wa kuonyesha nguvu ya wimbi, mwingine wa kuonyesha kama umelenga katikati, na kidude cha kuchagua pana au nyembamba. Ukiweka pana, sauti inajaa chumba, lakini mchungaji anavuja kutoka pembeni. Ukiweka nyembamba, mchungaji anafungiwa nje, ila sauti inapungua mwili kidogo. Nikamweleza baba yote hayo kwa furaha ya mtu aliyepata mchumba.

"Sauti imekonda," akasema.

Nikaweka pana.

"Mchungaji ameingia."

Nikaweka nyembamba.

"Sasa imekonda tena."

"Mzee, chagua moja!"

"Haraka ya nini? Maiti hana haraka."

Hapo ilikuwa Ijumaa. Watu wa kanisa walikuwa wamekuja kuuliza kwa upole kama tunaendelea au hatuendelei, kwa sababu hema lina msiba wa kweli kesho yake. Kuku walikuwa wanalala jikoni kwangu. Baba alikuwa anaulizia tuner huku macho yakiwa barabarani, kila boda ikipunguza mwendo ananyoosha shingo. Nilikasirika na baba mkubwa kuliko nilivyokasirika na mtangazaji. Mtu gani hawezi kuvuka mpaka kumlilia ndugu yake wa tumbo moja?

Nikatoka nje kuzungusha antena. Nilikuwa nimeifunga kwenye mti wa mwanzi, nikawa naisogeza kidogo kidogo, na baba dirishani anapiga kelele, "Bado! Bado! Rudisha!" Nikaipitiliza kwa hasira mpaka ikaelekea magharibi, Uganda kabisa. Nikasikia sauti ya mwanamke ikisoma matangazo kwa Kiteso, lugha ya pande zote mbili za mpaka, safi, kama amekaa sebuleni kwetu.

Mzee fulani wa mbele ya Tororo alikuwa akiwajulisha jamaa zake walioko Kenya kwamba habari za kifo cha mdogo wake zimemfikia. Miguu haimbebi tangu mwaka jana. Wasimngoje. Atakayetia udongo kaburini, atie na konzi moja kwa niaba yake. Na wamwambie marehemu kwamba fahali alikuwa wa mdogo, si wa mkubwa.

Nilipoingia, baba alikuwa amekaa sakafuni mbele ya tuner, mkono wake juu ya kile chuma. Alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. Sikuwahi kumwona analia, hata siku tulipomzika mama. Nilisimama pale na waya mkononi, nimejaa haya kwa yote niliyokuwa nimemwaza baba mkubwa.

"Hii ndiyo tunayochukua," baba akasema. Kisha akasema, "Niletee viatu."

Tulivuka mpaka wa Malaba kwa miguu, tukachukua boda upande wa pili. Afisa alituuliza tunakwenda wapi, baba akajibu msibani, na hakuwa amedanganya. Njiani nilikuwa nafikiria moyo wa mzee mgonjwa na mshtuko tunaompelekea, na mara mbili nilitaka kusema turudi, tumpigie mtu simu kwanza.

Mke wa baba mkubwa ndiye aliyetuona wa kwanza. Alitupa ungo, akapiga ukelele, akapotelea kwenye mahindi, na hatukumwona tena kwa muda mrefu. Baba mkubwa alikuwa kwenye kiti cha kamba ukutani, anabambua njugu. Yeye hakuweza kukimbia. Njugu zilimwagika mapajani, akamkodolea macho baba, kuanzia viatu mpaka kofia, hata nikasogea nimshike asianguke.

"Wewe," akasema hatimaye, "uliapa mbele ya watu wote hutakanyaga kwangu mpaka ufe."

Baba akaketi chini kando ya miguu yake, akaanza kumwokotea njugu.

"Nimekufa Jumatatu," akasema. "Si ulisikia?"