Alama ya Mume Wangu Ilikuwa Getini kwa Baba

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka arobaini na minne, niko Bujumbura, watoto watatu, mume mmoja. Huyo mume yuko nje ya saluni ndani ya gari ananisubiri, ndiyo maana naandika harakaharaka.

Wakati wa vita tulikaa Mutanga Sud, mimi na wazazi wangu. Baba alikuwa mwalimu, mbishi kupita kiasi. Asubuhi moja tulikuta karatasi imebandikwa getini, imechapwa kwa kompyuta, safi kama barua ya wizara: tuhame kabla ya Ijumaa, na asiyehama asije kumlaumu mtu. Katikati ya maneno kulikuwa na alama isiyoeleweka, nyota, duara, nyota: *O*. Majirani wakaitafutia maana. Mmoja alisema lile duara ni mdomo wa bunduki, mwingine akasema ni sifuri, yaani hatabaki mtu.

Mama alimlilia baba: "Mzee, twende. Ile alama mi naiogopa."

"Apana," baba akasema. "Hii nyumba nilijenga na mikono yangu. Mutu anaandika bila kuweka jina lake, nimuogope ya nini?"

Jumamosi alitoka kununua mkate. Mpaka leo hatujamzika, maana hatukupata cha kuzika.

Tulikimbilia kwa shangazi, Buyenzi. Huko ndiko alikotokea mume wangu. Alikuwa kijana mpole, anafanya kazi kwenye sekretaria moja ya Rohero, zile ofisi ndogo za kuchapa na kutoa fotokopi. Hatukumjua. Alikuja kutupa pole na mchele, akarudi tena, na tena, hadi shangazi akanitania: "Huyu pole yake haiishe, anakutaka weye." Tukaoana. Sikuwahi kumuuliza nani alimpa habari za baba.

Sasa wiki iliyopita. Binti yetu mkubwa anaandika mémoire, ile tasnifu ya kumalizia chuo. Alinakili maandishi mtandaoni, akayabandika kwenye Word, yakaja yamekatikakatika, kila mstari unaishia katikati ya sentensi na kuruka chini. Alikuwa anaunganisha mistari mmoja mmoja, karibu alie. Baba yake akavuta kiti.

"We mutoto, utamaliza mwaka ujao! Angalia."

Akamwonyesha. Pale aya inapoisha kweli kuna miruko miwili ya mstari. Hiyo unaigeuza yote kwa mpigo mmoja iwe alama ambayo haimo kwenye maandishi. Kisha miruko iliyobaki unaigeuza kuwa nafasi, mistari inaungana. Mwisho ile alama unairudisha kuwa mruko, na aya zinasimama tena.

Nilikuwa nyuma yao nakunja nguo. Nikamwona anaandika nyota, duara, nyota. Shati likanidondoka.

"Papa, hii alama umeitoa wapi?" binti akauliza.

"Nilijitungia mi mwenyewe, kule kazini. Kila mutu alikuwa na yake. Lakini uangalie isibakie hata moja. Mi siku moja ilinibakilia."

"Kwenye nini?" Mimi ndiye niliyeuliza.

Aligeuka, akaniangalia. "Kazi za watu tu," akasema, akafunga kompyuta na mtoto hajamaliza.

Ndugu zangu, mimi si mjinga. Najua nyakati zile mwenye bunduki akikuletea disketi umchapie, humuulizi maswali. Huenda alilazimishwa. Huenda mchele ule aliuleta kwa sababu roho ilimuuma. Namtetea hivyo moyoni kila siku, kisha nakumbuka kwamba huenda alijua karatasi inaenda kwenye geti la nani kabla sisi hatujaiona, na nashindwa hata kumpakulia chakula. Nampenda, na namwogopa.

Tangu siku ile haniachi niende mahali peke yangu. Jana tukiwa mezani akaniuliza jambo ambalo hajaliuliza tangu anioe: "Ile karatasi ya kwenu, mama yako aliichoma ama bado anayo?"

Nikasema sijui. Ninajua. Iko sandukuni kwa mama, chini ya vitenge, na mama ni mzee, anaishi peke yake. Leo asubuhi amesema Jumapili ataenda kumsalimia, mimi nibaki na watoto. Hajawahi kwenda bila mimi.

Nimuulize uso kwa uso, au nimkimbilie mama kwanza? Mnaojua la kufanya niambieni leo, msingoje kesho. Anapiga honi.