Mito Miwili ya Mama

Nilikuwaga najigamba kwamba hakuna la kunishangaza tena duniani, mie niliyeacha shule darasa la tano na leo nimechimba visima karibu Madale nzima, mpaka siku niliyomwaibisha mama yangu mzazi mbele ya wageni, na hata sasa naieleza nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mama alipigwa kiharusi, akawa hawezi kumeza, analishwa uji kwa mpira wa puani, na tumbo likawa linamjaa gesi na kumtapisha. Nesi akamfundisha mke wangu, Mwanaisha: mwegemeze kwenye mito, uji uwe vuguvugu, uache ushuke wenyewe taratibu, kisha abaki ameegemea saa nzima. Tumbo likatulia bila kidonge hata kimoja. (Mie somo hilo sikuwepo, nilikuwa kisimani.)

Ijumaa moja wakaja wazee wa msikitini kumjulia hali. Mkekani hapakuwa na cha kuegemea, na mie mwenye nyumba ya vigae ningeificha wapi sura yangu? Nikachomoa mito miwili mgongoni mwa mama, nikawapa.

"Baba Zuhura, mama hajala bado, atalishwaje chali?" Mwanaisha akaninong'oneza.

"Lete uji. Mambo ya mipira na presha utanifundisha mie?"

Nikajaza bomba la sindano nikasukuma wote kwa mkupuo, huku nawaambia wageni kuwa mie napandisha maji kutoka mita themanini, sembuse kikombe cha uji kushuka!

Mama akakakamaa. Uji ukarudi puani na mdomoni, ukaruka hadi kwenye kanzu ya Mzee Shomari, na chini nako tumbo likaachia, harufu ikajaa sebule, na yule aliyenifundisha kujistiri akawa hana sitara mbele ya wanaume, machozi yanamtoka.

Mzee Shomari akaurudisha mto. "Mwinue, mwanangu! Mwinue, anapaliwa!"

Uji ulishaingia mapafuni. Tulikaa hospitali siku kumi na moja. Amerudi, alhamdulillah, ila nikishika lile bomba tu anafumba macho na kugeukia ukutani, kwa hiyo anayemlisha ni Mwanaisha, mie kazi yangu kushikilia mito.

Mgeni akija kwangu siku hizi, na aegemee ukuta. Bili nililipa taslimu, na kwa mara ya kwanza maishani sikumtambia mtu kiasi: shilingi milioni moja, laki nne, elfu thelathini na sita na mia tano.