Programu Iliyofukuzwa Mlangoni

Mwaka ule tulikula viazi vitamu asubuhi na jioni, maana mahindi yalikauka shambani. Mjukuu wangu, msichana mwenye akili kushinda ukoo mzima, alikuwa akitafuta fomu ya chuo cha uuguzi kwenye kompyuta ya duka la Mhindi, Kisii mjini, nami nimeketi kando yake. Laini ya simu iliyoleta mtandao ilikatika kila mara, basi akatumia programu inayopakua kidogo kidogo na kuendelea ilipoachia. Tovuti ya chuo ikaifukuza.

“Imeitambua, nyanya. Programu hujitaja ikifika. Nikiibadilisha jina ijiite brauza ya kawaida, ile watu wanayofungulia tovuti, itapita.”

Kwetu mgeni husimama langoni akajitaja, yeye na babake.

“Hutaingia chuo kwa jina la uongo,” nikamwambia.

“Ni jina la programu, si langu! Na leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma fomu!”

“Hutaingia chuo kwa jina la uongo.”